Mahali pa Kumlaza Gerishon

Simu ilipolia, Ngina alikuwa zizini akikatakata majani ya nepia, na ng'ombe alikuwa amekwisha kumaliza uvumilivu wake. Ilikuwa Jumamosi, saa mbili asubuhi. Alipangusa mkono kwenye leso, akabonyeza mahali alipofundishwa na mjukuu wake Tabby, akasema haloo kwa sauti ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto.

"Mama," alisema Ndegwa, kifungua mimba wake, ambaye ni mzee wa kanisa kule Ruiru. "Umeketi?"

"Ng'ombe halishwi na mtu aliyeketi. Sema."

"Umekunywa chai?"

"Ndegwa."

Ndegwa akakohoa, kisha akaanza kutaja mstari wa Biblia. Hapo Ngina akajua. Mwanawe huyu alitaja maandiko nje ya kanisa kwa sababu mbili tu: anapotaka mchango, na anapoogopa kusema jambo. Na hakuna anayeomba mchango akiwa mlangoni pa wadi ambamo baba yake amelazwa wiki mbili kwa ugonjwa wa mapafu.

"Baba yako ameenda saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu, Mama." Sauti ya mzee wa kanisa ikakatika, ikabaki sauti ya mtoto aliyeanguka kwenye mawe.

Ngina aliweka simu ukingoni mwa hori, akamaliza kukata nepia, kwa kuwa ng'ombe hakuwa amefiwa. Kisha akapindua ndoo, akaketi juu yake, akalia. Alipoweza kusema, aliomba hivi: "Bwana, umemchukua mtu ambaye hakuwahi kufunga mlango wa zizi vizuri kwa miaka hamsini na sita. Mvumilie."

Hiyo ndiyo iliyokuwa sala yake ya kwanza ya ujane, na wanaomjua wanasema hakuwahi kuomba nyingine ya kweli kuliko hiyo.

Ili mtu aelewe kilichofuata wiki ile, ni lazima ajue Ngina alitoka wapi. Alizaliwa katika shamba la kahawa la Mzungu, upande wa Ruiru, ambako baba yake alikuwa kibarua. Pale watu waliamshwa na nyapara aliyegonga kipande cha reli kilichoning'inia mtini. Kiligongwa, ukaamka. Kiligongwa, ukala. Baba yake alikufa Ngina akiwa na miaka kumi na mmoja, akazikwa pembeni mwa mibuni. Msimu uliofuata Mzungu akaongeza safu za miche, na safu moja ikapita juu ya kaburi. Hakuwa na ubaya na marehemu. Alitaka tu mstari unyooke.

Uhuru ulipokuja, Ngina alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano. Alimuuliza mama yake kama sasa wangeweza kwenda kumtafuta baba. Mama yake akamwambia shamba bado lina mwenyewe. Baadaye Mzungu akauza, akaenda kwao, na shamba likachukuliwa na bwana mkubwa mmoja wa kabila lao wenyewe, mtu mwenye fimbo na kofia, ambaye naye alipenda mistari iliyonyooka.

Kwa hiyo watu walipohutubia kuhusu uhuru, Ngina alisikiliza kwa adabu akipima kwa kipimo chake. Kwake, uhuru ulikuwa vitu viwili: kuamka bila kugongewa reli, na kuzikwa mahali ambapo hapatapandwa kitu juu yako. Mengine yote, bendera na magari marefu, yalikuwa mapambo.

Akaolewa na Gerishon, dereva wa trekta mwenye maneno mengi. Gerishon alijiunga na kampuni moja ya kununua mashamba, wakati ambapo kila mwenye mashati mawili alikuwa katika kampuni kama hiyo. Wenzake wengi waliambulia risiti tu. Yeye alitia mkono katika debe la kura akatoka na namba, na namba ikawa ekari mbili na nusu huku Kalimoni, udongo mweusi unaomvua mtu buti za mpira mvua ikinyesha. Siku waliyoonyeshwa, Gerishon alilala chali katikati ya magugu, akiwa na koti lake la pekee, akanyoosha mikono.

"Amka, watu wanatutazama!" Ngina alimwambia.

"Waache watazame. Mama Ndegwa, hapa hata kufa ni ruhusa."

Ndegwa mwenyewe alikuwa bado mgongoni, hajaota jino.

Walilima mahindi na maharagwe, wakafuga, wakasomesha watoto watatu: Ndegwa, Maggie na Wanyoike. Jumapili Ngina alikaa mbele kanisani na akina mama wenye vitambaa vya kichwa, na Gerishon akakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Alisema Mungu hawezi kuwa anakaa karibu na spika, mtu yeyote mwenye masikio angehama. Ngina alimkemea kila Jumapili na kucheka kila Jumatatu. Aliamini mumewe angefika mbinguni, ila angechelewa, na angekuta nyimbo zimekwisha kuimbwa, na angefurahi.

Kisha nyumba za kupangisha zikatoka Juja zikija taratibu kama siafu. Wanafunzi wa chuo walihitaji vyumba, na shamba lililolimwa mahindi likaanza kuonekana kama mtu anayekalia hela. Miaka minane iliyopita watoto walikuja wote watatu na nyama ya mbuzi, jambo ambalo lingetosha kumtisha mzazi yeyote mwenye busara.

"Baba, tugawie ungali na nguvu," alisema Ndegwa. "Nyumba nyingi zinavunjika kwa kesi."

"Kwani mmeanza kesi?"

"Bado."

Gerishon akacheka, akagawa. Mpima ardhi akaja na kamba na vyuma vyake, akatia mawe ya mipaka, na shamba likafa jina, likawa ploti. Katikati akakata barabara ya mita sita ya kuingilia, inayokomea kwenye ploti ya mwisho. Wazee walibaki na kiwanja cha nyumba, zizi na mistari michache ya sukumawiki. Ndegwa akachimba msingi wa hosteli. Maggie, mwenye duka la vitambaa mjini Thika, akauza ploti ya mwisho kwa Odhiambo, fundi wa maabara kutoka Siaya, na nyingine akawa anaitafutia mnunuzi. Wanyoike akapigilia ubao ulioandikwa kwamba shamba hili haliuzwi, nao watu wa huku wanajua kuwa hiyo ndiyo njia ya kutangaza kuwa linauzwa.

Siku mbili kabla ya kufa, Gerishon alimshika Ngina mkono kitandani hospitalini. "Usikubali waniache kule makaburi ya mjini, nilale na watu nisiowajua. Nataka kwetu."

"Utapona," Ngina alisema.

"Nikipona pia nataka kwetu."

Basi Jumapili, baada ya ibada, familia ilikutana sebuleni. Ndegwa aliomba kwa dakika kumi na tano. Kisha wakapanga sanduku, tenti, wapishi, na picha ya kutia kwenye karatasi za ratiba, ambapo Maggie alichagua moja ambayo baba yake alikuwa amevaa tai ya mtu mwingine. Yote yalikwenda vizuri mpaka Ngina alipouliza, "Na kaburi litachimbwa wapi?"

Ndegwa akasogeza kikombe chake, Maggie akatafuta leso mkobani.

"Mimi ningefurahi sana Baba alale kwangu," alianza Ndegwa. "Ni heshima. Lakini naogopa majivuno. Watu watasema Ndegwa ni kifungua mimba ndiyo maana amejitwalia baba peke yake. Maandiko yanataka tunyenyekee. Mimi namwachia Maggie heshima hiyo."

"Aai, Ndegwa!" Maggie alisema, akifuta macho. "Mimi ni mtoto wa kike. Niliolewa. Nitamchukuaje baba wa wanaume wakiwepo? Baba alimpenda Wanyoike. Si kila mtu anajua? Kitinda mimba ni kitinda mimba."

Wanyoike akatazama viatu vyake. "Mimi kanisani naenda Krismasi tu. Mtu wa Mungu kama Baba alale kwa mlevi kama mimi? Hapana. Mimi sistahili."

Ngina hakuwahi kuwaona watoto wake wakinyenyekea namna ile. Tabby, binti ya Maggie, ambaye alikuwa akimimina chai, ndiye aliyeharibu utakatifu ule. Akasema, amesimama kando ya nyanya yake, kwa sauti ya chini ambayo haikuwa chini ya kutosha: "Si mseme tu kaburi linashusha bei ya ploti? Shosho, wanaogopa hakuna mwanafunzi atakodi rumu inaangaliana na kaburi."

"Tabby!" mama yake akafoka. "Nenda ukaangalie chai!"

"Chai iko hapa, Mum."

Ndegwa akageukia upande wa mama yake na uso wa mahubiri. "Mama, kule makaburi ya mjini siku hizi pamepangwa vizuri. Kuna maua. Kuna mlinzi."

"Baba yenu atazikwa hapa," Ngina alisema. "Kwa udongo wake."

Wakatoka nje wakasimama kando ya zizi wakinong'ona kwa muda. Waliporudi, nyuso zao zilikuwa zimefunguka. "Tumepata mahali, Mama," Ndegwa alisema. "Hapa hapa. Sote tumekubaliana, hakuna aliyepinga." Ngina alimshukuru Mungu kwa kumpa watoto wanaosikia. Hakuuliza ni hapa wapi. Alikuwa amechoka, na mjane wa siku moja huamini anachoambiwa.

Jumatano, siku moja kabla ya mazishi, vijana walikuwa wakisimamisha tenti uwanjani na akina mama wakichambua mchele, Odhiambo alipoingia langoni. Alivua kofia, akampa Ngina mkono kwa heshima.

"Mama Ndegwa, pole tena. Mzee alikuwa jirani wa kweli."

"Asante, baba. Karibu chai."

"Nitakunywa." Hakuketi. "Mama, mimi si mtu wa kuingilia mambo ya nyumba za watu. Nauliza tu, ili nijifunze. Kwetu, mzee mwenye boma huzikwa ndani ya boma lake. Sikujua huku mnazika barabarani."

"Barabarani wapi?"

"Hii yetu. Ile ya mita sita. Wanachimba, na wamefika kifuani. Mimi sina neno, mzee ni mzee. Ila nina lori la mchanga linakuja Jumatatu, na sijui kama nitamwambia dereva apige honi au apige magoti."

Ngina alichukua bakora ya Gerishon nyuma ya mlango akatoka. Akina mama wakaacha mchele wakamfuata, kwa sababu mchele hauendi popote.

Ilikuwa kweli. Karanja, mchimbaji wa makaburi wa Kalimoni, alikuwa amesimama ndani ya shimo katika barabara, upande wa kushoto, udongo mweusi ukiwa umerundikwa upande wa kulia. Watoto watatu wa Ngina walikuwa pale wakisimamia. Walipomwona mama yao wakajipanga bila kujijua, kama zamani walipovunja chungu.

"Hii ni nini?" Ngina aliuliza.

"Mama, ngoja nikueleze," alisema Ndegwa. "Hii barabara ni yetu sote. Hakuna anayeweza kusema amempendelea mwingine. Na Baba alikuwa mtu wa watu. Hapa kila anayepita atamsalimia."

"Kila anayepita atamkanyaga."

"Hapana, Mama, tumeacha mita tatu na nusu," Maggie alisema. "Hata gari dogo linapita. Na tutaweka bamzi mbili za kuzuia magari, moja huku, moja kule, watu wapunguze mwendo."

"Na tutapaka rangi nyeupe," akaongeza Wanyoike, kisha akaonekana kujutia.

Mama mmoja wa kanisa akaziba mdomo kwa leso, mabega yakitikisika. Pengine alikuwa analia.

Ngina hakupaza sauti. Alikuwa amewalea hawa kwa maziwa na mahindi ya udongo huu, akawapa walichotaka kila walipotaka, na Gerishon alimwonya mara nyingi kwamba mama asiyejua kukataa hufuga wafalme. Alimfikiria mumewe, aliyekwepa maisha yake yote kusimamiwa na mtu, akilazwa kati ya bamzi mbili. Akaona pia kwamba aliyefanya hivi si Mzungu wala bwana mkubwa. Ni hawa aliowabeba mgongoni. Na walikuwa wamemlilia baba yao kweli, hilo nalo alilijua. Wanyoike alikuwa akilala na koti la baba yake tangu Jumamosi. Mtu anaweza kukulilia kwa moyo wote na bado akakupima kwa futi.

"Karanja," alisema, "toka ndani ya hilo shimo. Nifuate."

Akarudi kwenye kiwanja chake, umati nyuma yake. Akatembea kutoka kwenye mlango wa nyumba kuelekea lango akihesabu hatua, akageuka, akahesabu tena kutoka ukingo mpaka ukingo. Aliposimama alikuwa katikati kabisa ya kiwanja, mahali ambapo Ndegwa huegesha gari lake akija kusalimu. Akachoma bakora ardhini.

"Hapa."

"Mama!" Sauti ya Ndegwa ilipanda. "Hapo ni katikati! Hapo hata ukitaka kujenga kitu baadaye, hakutabaki nafasi hata ya choo!"

"Ndiyo."

"Yaani, fikiria maendeleo ya baadaye. Siku ambayo wewe mwenyewe, Mungu apishe mbali, hutakuwepo…"

"Siku hiyo nimeifikiria. Karanja, chimba lake likielekea upande huu. Langu litakuwa hapa kando, futi tatu. Mnasikia? Kwa hiyo siku yangu ikifika msisumbuke kukutana. Mkae nyumbani mle nyama."

Odhiambo alivua kofia tena. Mchungaji Kaleli, aliyekuwa amefika kupanga ratiba ya ibada, akatazama angani kana kwamba anakadiria mvua.

Karanja alichimba. Lakini ilipofika saa kumi alasiri, likazuka jambo la lile shimo la barabarani. Ndegwa alimwambia alifukie. Karanja akatia jembe begani.

"Hilo silifukii hivyo hivyo. Kaburi likichimbwa lisipopata mtu, litajitafutia mtu wa nyumba hiyo. Ni lazima uzikwe mgomba ndani yake."

"Sisi ni watu waliookoka," Ndegwa alisema. "Hayo ni mambo ya giza."

"Sawa, mzee. Basi lifukie wewe. Mimi nina watoto."

Ndegwa alishika sepeto. Akalitazama shimo, nalo likamtazama. Akamwangalia Maggie, na Maggie akarudi hatua mbili. Wanyoike alikuwa amekwisha kwenda. Alirudi na panga na shina la mgomba, amelikumbatia kama mgonjwa.

Wakamwendea mchungaji. "Pasta, si tungesema sala fupi tu?"

"Ya mgomba?" Mchungaji Kaleli aliuliza. "Ndugu Ndegwa, wewe ni mzee wa kanisa. Nimezika watu wa kila namna katika huduma hii. Ndizi sijazika."

Kwa hiyo wakauzika wenyewe. Ndegwa alishuka ndani akaupokea, Wanyoike akauteremsha kwa kamba polepole, na Maggie akasimama ukingoni akiwaambia wasiugonge kichwa. Hawakuacha hata donge moja la udongo nje. Walishindilia, wakasawazisha, wakapita juu wakirudi na kwenda, mpaka barabara ikawa barabara. Ngina aliwatazama kutoka langoni. Kazi yote waliifanya wao watatu, bila kuajiri mtu, bila kutupiana, na jua lilipokuwa linashuka akawaona wamekaa kando ya njia wamechafuka, Wanyoike analia waziwazi na Ndegwa amemshika bega. Akamtuma Tabby awapelekee maji ya kunawa.

"Shosho, umewasamehe?" Tabby aliuliza.

"Nimewapelekea maji. Hayo mengine, niachie niongee na Mungu."

Gerishon alizikwa Alhamisi. Mwili ulifika kutoka mochari saa nne unusu, ukawekwa chini ya tenti, sanduku likafunguliwa watu wakapita kumwona. Ngina alipita wa mwisho. Alimrekebishia kola ya shati, akasimama kidogo, akaondoka. Ndegwa alisoma historia ya maisha ya baba yake. Alisoma kwamba aliendesha trekta, kwamba alinunua shamba hili, kwamba aliwapenda watoto wake wote sawasawa. Hapo alishindwa kuendelea, na Maggie akamalizia ukurasa uliobaki. Odhiambo alisema machache kwa niaba ya majirani. Mwanasiasa mmoja wa mtaa aliomba kipaza sauti, akaambiwa muda umekwisha.

Saa saba sanduku lilipelekwa kaburini. Wanyoike, Ndegwa, Odhiambo na Karanja waliliteremsha kwa kamba. Mchungaji Kaleli aliomba, akatupa udongo mara tatu. Ngina akatupa wake, kisha watoto, kisha wajukuu. Akina mama wa kanisa waliimba nyimbo mbili, na ya tatu ikaimbwa wakati vijana wakifukia. Msalaba wa mbao wenye jina na miaka ulisimamishwa upande wa kichwa, mashada yakawekwa juu. Mchungaji akatoa baraka. Watu wakanawa mikono, wakapanga foleni ya chakula, wakala, wakampa Ngina mkono mmoja mmoja, na kufikia saa kumi walikuwa wamekwisha kuondoka.